Viti Ishirini na Vinane

Chumba hiki cha Ngara, ghorofa ya pili,
kilikuwa darasa la ushonaji.
Bado sakafu hutema pini;
nacheza pekupeku, nachomwa,
na watazamaji hudhani nimeguswa na maneno.

Viti ni vya kanisa la chini.
Tumeviazima kwa masharti: virudi kabla ya ibada
na visinuke sigara.
Jana Kagendo alivipanga safu mbili zikitazamana,
tukacheza katikati kama watu wanaogombania kichochoro.
Leo ni duara. Kesho sijui,
pengine atatukalisha sisi, awasimamishe wao.

Hatuna pazia. Usiku ukihitajika
Nyaboke hunyoosha mkono, huzima swichi ya mlangoni,
na usiku huja ukivuja
kwa taa za barabarani.

Kwenye kumbi kubwa nilifunzwa kurusha sauti
mpaka kiti cha mwisho, kama mtu anayeita ng'ombe.
Hapa hakuna cha mwisho.
Hapa ukidanganya hata kwa ukope, umeonekana.
Wanauona uzi unaoning'inia kwenye koti langu la kukodi,
nami nayaona makombo ya mandazi masharubuni,
soksi zilizolowa,
simu inayotetemeka mfukoni
na mwenyewe akiipuuza kwa ajili yangu.

Ijumaa ile mvua ilipiga mabati ya jirani.
Nilikuwa Barasa, mwana anayemkana babaye
mbele ya karani wa hospitali
ili deni lisimfuate.
Nikapiga goti, ndivyo ilivyoandikwa,
na goti langu likagusa goti la mzee wa karibu na dirisha.
Nikasema: "Hakuna anayenijua mji huu."

Akajibu polepole, kama mtu anayerudisha chenji:
"Mimi nakujua."

Hilo halikuandikwa.
Hakuna aliyesikia ila Nyaboke,
kidole chake tayari kwenye swichi.
Mistari mitatu ikanitoka kichwani, yote mitatu.
Nikabaki nimempigia mtu goti,
basi,
na koti likawa zito kana kwamba ni langu.

Nyaboke akazima taa kabla ya wakati wake.
Watu wakapiga makofi gizani,
wakidhani hapo ndipo tulipopanga kuishia.

Nilimtafuta ngazini. Alikwisha kushuka.
Nikarudi kubeba viti, viwili viwili, kichwani,
Kagendo akihesabu kwa sauti asije akadaiwa,
na kimoja, sikuuliza kipi kilikuwa cha nani,
kilikuwa bado kina joto.