Tambuu Tatu Kutoka Sohra

"Ni mbali?" niliuliza. Khrawbor, mikono kwenye usukani,
aliipima njia kwa mdomo:
"Tambuu tatu."
Meghalaya, kilomita ni za serikali;
watu huitafuna safari, kisha huitema nyekundu.

Tambuu ya kwanza: misonobari, vichuguu vya makaa ya mawe,
ng'ombe mmoja katikati ya lami, hana habari na honi.

Ya pili, ukungu. Uliingia dirishani bila hodi,
ukaketi kati yetu kama shangazi aliyekuja matangani,
mzito, wa baridi, ananuka nguo mbichi.
Wipa zikalia kwi, kwi.
Kona zikatufikia kabla ya barabara.
Khrawbor akashusha kioo, akapiga mluzi:
ukirudi, huo ni mlima;
usiporudi, usiende huko.

Ya tatu haikuisha. Tulimkuta Kong Daplin na mananasi yake,
amejifunika gamba la mianzi, kobe aliyesimama wima.
"Maporomoko yako wapi?"
Akanyoosha kisu kwenye weupe: "Hapo hapo."
Ngurumo tu. Maji yasiyo na sura,
yakianguka tangu mama wa mama yake.

Nikainama kuhesabu chenji.
Nyuma yangu wote wakasema, "Aaa!"
Nikageuka.
Weupe. Mlango umeshafungwa.

"Umeona?" Khrawbor akauliza.
"Nimeona."
Kong Daplin akacheka mpaka gamba likatikisika,
akaniongeza kipande chenye chumvi na pilipili nyingi,
kile cha waongo.