Sufuria ya Lita Arobaini

Senyagwa amepanga masufuria pale Sabasaba
kama wanakwaya, mafupi mbele,
manene nyuma,
na jua la saa nne linapiga vifuniko
mpaka nafumba jicho moja.
"Ya pilau au ya msiba?"
Ya pombe, namjibu. Ya kwangu. Ya nyumbani.
Anacheka, halafu anaacha kucheka,
maana nimetoa kamba ya kupimia.

Hesabu yake si ngumu, ila haina huruma.
Nataka lita ishirini mwisho wa safari.
Kilo tano za kimea cha mtama
zitakunywa tano zao kabla yangu;
saa nzima ya kuchemka, na upepo huu wa Dodoma
usiopita mahali ukaondoka mikono mitupu,
nne nyingine zimekwenda.
Na kimea chenyewe kina mwili,
kinataka pa kukaa.
Ya thelathini itatapika jikoni.
Ya sitini nakiri ni nzuri, ina masikio ya tembo,
lakini moto wa jiko langu ni wa mshumaa:
mpaka ichemke, gesi imekwisha
na Jumamosi imekwisha.

Bibi Matika, kule Mvumi, hakupiga hesabu hizi.
Alikuwa na vyungu vitatu, mafiga, siku saba,
na kung'uto jeusi lililochuja ujimbi
wa arusi zote nilizozisikia kwa jina.
Kipimajoto chake kilikuwa uso wake:
aliyainamia maji, akijiona
alitia unga.
Asipojiona, alingoja.

Mimi nina chumba Nkuhungu,
ua wa hatua kumi na moja,
wapangaji wanne, kamba moja ya nguo.
Kwa hiyo mfuko.
Ezekia fundi ameushona kwa pazia la neti,
mshono mara mbili, mdomo wa kufunga kwa uzi,
wala hakuniuliza wa nini, akaniuliza
pazia lilikuwa la dirisha lipi.
Sufuria moja, mfuko mmoja:
nafaka inaingia, inaoga, inatoka,
utamu unabaki chini.
Kama majani ya chai, namwambia Senyagwa.
Chai ya kilo tano.

"Na ukilowa, utauinuaje?"

Hilo sikulipima kwa kamba.
Mfuko uliolowa ni mtoto wa miaka minne
aliyesinzia kwenye mkesha:
uzito ni uleule,
ila huu hauna mikono ya kukushika shingo.
Nikatazama mabega yangu kwenye ubavu wa sufuria,
yalivyopindishwa na alumini,
mapana kuliko nilivyoyajua.
Nitauinua, nikasema. Nitaufunga kwenye mti wa paa
na kuuacha udondoke wenyewe.

Tayari alikuwa ameshika keki. "Nitoboe, niweke koki?
Hutainamisha, hutaungua."
Ncha yake ilikwishagusa chuma.
Usitoboe.
Sijui kwa nini. Kitu kizima
hukinunui kila siku.

Niliibeba kichwani, mfuniko kwapani,
na barabara nzima iliniuliza kuna shughuli gani.

Jumanne bomba likakauka.
Jumatano pia. Alhamisi, saa nane usiku,
maji yakaja yakikohoa, mekundu, kisha meupe,
nami sikuwa na chombo kingine kikubwa.
Nikaijaza mpaka kwenye rivet za masikio.
Alfajiri mama Yustini alikuja na kata,
akafuata wa chumba cha pili, akafuata mwanawe
na kikombe cha kupigia mswaki.
"Sufuria nzuri," mama Yustini akasema, akiinama,
akijishika kiuno. "Lakini dada,
ungeweka koki."

Siku ya tisa leo. Kimea kiko kwenye kiroba,
kinanukia mkate chini ya kitanda.
Mfuko uko kambani, haujalowa bado,
umeshiba upepo, unatikisa tumbo
kama mtu aliyetoka shereheni.
Nimefunua mfuniko, nimeyainamia maji.
Ya baridi, yametulia,
na nimejiona wazi, hadi nyusi.

Nikafunika.
Nangoja.