Daftari la Vipimo

Miaka kumi na tisa nimekanyaga pedali
hapa Majengo, nyuma ya duka la mbegu.
Cherehani ingekuwa na magurudumu
ningekwisha kufika Kigoma na kurudi.
Lakini miguu hii haijui safari,
inajua kukimbia palepale.

Sasa saa kumi alfajiri nafunga raba
alizoniachia mdogo wangu, zimenizidi namba moja,
nimeshindilia vipande vya kitenge kwenye vidole,
natoka.
Mbwa wa kina Lyatuu amenizoea tangu Jumanne.
Mlinzi wa sheli bado ananiuliza,
"Fundi, kafa nani?"
Nasema, hakuna.
Si kweli yote.

Mbele kidogo bodaboda anapunguza mwendo.
"Twende, mama?"
Natembea.
"Unakwenda wapi?"
Weruweru, halafu nageuka.
"Weruweru kuna nini?"
Daraja.
Anawaza, injini ikinguruma chini yake.
"Buku tatu. Nakupeleka, nakurudisha."

Daftari langu lina pande mbili.
Mbele: kifua, kiuno, mkono,
urefu wa gauni la kipaimara.
Nyuma: Haikaeli wa mboga, shilingi mia kila kilomita.
Mwalimu Temu, mia tano,
"ila ukiishia Boma Ng'ombe sitoi hata senti."
Mangi wa mbegu, elfu arobaini kwa mkupuo,
nisiandike jina, mkewe asijue.
Kilomita themanini mpaka Arusha, siku mbili.
Nimeigawa bei ya mashine kwa kilomita,
nimeigawa kwa watu, kwa makanisa, kwa msikiti wa jirani,
kila mara inabaki.

Ni mashine ya joto, ya wodi ya watoto njiti.
Mwaka jana, mwezi wa sita, mdogo wangu alijifungua wa miezi saba.
Nikaenda na utepe shingoni, mazoea tu,
nesi akacheka,
kisha akaacha kucheka.
Mashine ilikuwa moja. Watoto watatu
wamepangwa ndani kama vijiko kwenye droo.
Wawili sasa wanatambaa, mmoja nimemwona sokoni
akila ndizi na ganda lake.

Ile nguo ipo kwenye kopo la vifungo.
Ndogo kuliko kola ya padri.
Mkono mmoja sijaupinda.

Wiki ya kwanza nilivimba malengelenge
nikashona nimeloweka miguu kwenye beseni la chumvi,
pedali imepumzika, nazungusha gurudumu kwa mkono,
wateja wananiangalia kama mganga.
Wiki ya tatu nikajua mteremko wote kwa magoti.
Kulia kwangu mlima unatoka kwenye mawingu, unarudi,
una wageni wake wanaoulipia kwa dola.
Mimi ni wa tambarare,
wa malori ya saruji na nyasi zenye umande,
nalipwa ahadi.

Alhamisi mvua ilinikuta kabla ya daraja.
Lori likanimwagia dimbwi zima, nikasema neno
ambalo Mwalimu Temu asingelichangia.
Hapo nikaona mwanga nyuma yangu, hauniputi, haunipiti.
Yule bodaboda. Jina lake Efata.
Ananifuata gia ya kwanza, taa imelala barabarani
nione mashimo.
Hakusema kitu mpaka darajani.
Nilipogeuka, naye akageuka.
"Niandike," akasema. "Hamsini hamsini.
Lakini uhesabu na hizi za mazoezi."

Nikamwambia atafilisika.
Akasema mafuta tayari yamemfilisi.

Saa tatu nafungua duka, nguo zinanichuruzika,
mama wa kipaimara ameshakaa kwenye benchi
na mkoba mapajani, hasemi.
Naweka kitambaa chini ya sindano,
naweka mguu kwenye pedali,
na mguu unasita kidogo,
kama mtu aliyeulizwa njia
na kwa mara ya kwanza anaijua.