Alama Tisa kwa Kumi

Langoni Lanet askari hupitisha kioo
chini ya gari langu kuukuu,
kana kwamba daktari wa falsafa
huficha kitu tumboni mwa Probox.
"Una silaha, mwalimu?"
Kila Jumanne swali ni lile lile, na kicheko kile kile.
Nina mitihani arobaini na miwili,
chapati mbili ndani ya gazeti,
na mkataba wa mwaka mmoja
ambao hufa Juni na kufufuka Julai
iwapo mtu wa Nairobi atakumbuka kutia sahihi.

Somo langu limebanwa kati ya ramani na shabaha:
saa nane mchana, vijana wamekimbia tangu alfajiri,
vumbi la Menengai limeganda kopeni,
wanasinzia macho wazi,
ufundi ambao sikuwafunza mimi.
Ubaoni naandika: ADABU ZA KUINGIA BOMA LA WATU.
Nyuma mmoja ananong'ona: kwani tunaenda kuposa?

Wenzangu wa Njoro, tuliosoma pamoja,
hunitania matangani:
Truphosa kaenda kufundisha bunduki kupiga hodi.
Nacheka nao. Karo ya wanangu haicheki.

Na kweli, nilichofundisha hakikutoka vitabuni,
ingawa nilitia tanbihi chini ya kila ukurasa.
Kilitoka Luanda, uani kwa mama:
simama ua wa minyaa unapoishia,
kohoa, usichungulie.
Ulizia mvua kabla ya kumuulizia mtu.
Ukipewa kiti, kaa. Ukipewa uji, kunywa,
hata umeshiba, kunywa.
"Karibu" ya kwanza ni salamu tu,
ya pili ndiyo mlango.
Nikayapanga hayo, nikayapa namba,
nikayaita Moduli ya Tatu.

Swali la nne: Kwa nini tusalimie kabla ya kuuliza?
Wengi waliandika, heshima.
Wengine, kwa sababu ni amri.
Mmoja aliacha wazi, akachora kikombe.
Kadeti Wafubwa, mwandiko mdogo kama msafara wa siafu,
aliandika sentensi moja:
"Kwa sababu aliyesalimiwa hufungua mlango mwenyewe."

Niliiweka kalamu chini.
Nikamsomea mume wangu, anakata sukuma jikoni.
"Mh," akasema, akaendelea kukata.
Nikampa kijana tisa kwa kumi.

Mwaka juzi tulikutana duka la dawa, mjini,
sasa ni Luteni, shingo imenenepa.
Alinisalimu salamu ndefu, ya kitabuni mwangu:
mvua, mahindi, miguu ya mama.
Kisha: "Somo lako lilitufaa, mwalimu.
Kule kaskazini, nyumba saba usiku mmoja,
na hakuna mlango tuliouvunja."
Alisema kwa furaha ya mtu
anayerudisha jembe aliloazima, tena amelinoa.

Sikumuuliza ni nini kiliingia nyuma ya salamu.
Niliulizia mvua ya kule.
"Kavu," akasema. Akalipia dawa za kikohozi, akaondoka.

Usiku nilipekua sanduku la chini ya kitanda
hadi nikaipata karatasi yake, pembe zimeliwa na panya.
Pembeni, kwa wino wangu mwekundu,
nilikuwa nimeandika neno moja:
Kisha?
Alama ile moja niliikatia hapo.
Tisa nilimpa.

Juni hii mkataba haukufa.
Umekuja mapema, una mihuri miwili,
na barua: Moduli ya Tatu imesifiwa,
iongezwe saa nne.
Mama amepiga simu. Anataka kujua
kazi yangu na hao askari inaendeleaje.
Naegemea dirisha, Section 58, upepo unapiga mabati.
"Mama," nasema, "huko mvua imenyesha?"