Stakabadhi

Dirisha la tatu, mahakama ya Makadara:
hapo ndipo nikaapo, nyuma ya kioo chenye tundu
lisilozidi kisahani cha chai.
Faini za wachuuzi, dhamana za walevi wa Ijumaa,
zote hupita humo. Mhuri wangu haubagui.

Kila tarehe tano huja Makokha,
kofia mkononi, noti zimekunjwa ndani ya karatasi ya daftari.
Elfu sita na mia tano. Deni si lake.
Ni la mdogo wake aliyeko Kamiti,
ambaye ploti yake ya Ruai iliuzwa kwa amri ya korti
na bado hesabu haijafunga.
Namba ya kesi anaijua
kama mtu ajuavyo namba ya kaburi.
"Andika," huniambia, macho yako sakafuni,
nami huandika: Fidia. Mtoto N.M. Awamu ya kumi na moja.

Jina kamili limefungiwa kabatini.
Alikuwa na miaka saba.
Zaidi ya hapo siandiki, nawe usiulize.

Mama yake alikuja mara moja tu,
kwa miguu kutoka Kariobangi, leso imekazwa kiunoni.
Akazitazama zile noti kupitia tundu
kama atazamavyo mtu nyoka aliyekatwa kichwa:
amekufa, ndiyo, ila.
"Sizishiki," alisema. "Nikizishika nitanunua unga,
na unga tutaula, na utakaa ndani yetu."

Basi haziendi kwake. Zinakwenda Umoja,
ghorofa ya pili, juu ya duka la simiti,
kwa Bi. Nyaboke mwenye zulia la kijani
na sanduku la wanasesere wasio na nyuso.
Elfu sita ni za N.M. Zile mia tano, hakimu aliagiza,
ni za watoto ambao waliowaumiza
hawana hata viatu vya kuuza.

Kila mwezi huniletea hesabu, mwandiko wa mviringo:
nauli ya mama na mtoto;
vikao vitatu vya kuongea;
kimoja cha kutoongea, nacho hulipiwa;
kalamu za rangi, paketi ya pili, nyeusi iliisha mapema;
kitasa cha mlango wa nyumbani, pamoja na fundi.

Kwenye kitasa nilisita.
Nikampigia simu: hiki nacho ni matibabu?
Akanyamaza, nikasikia simiti ikishushwa huko chini.
"Jumanne," akasema, "amelala mpaka asubuhi."
Nikagonga mhuri.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa.
Walikuwa na mbuzi akilini, au mahari.
Hili nimelijumlisha hadi kikokotoo kikachoka:
linalipwa, na halipungui.
Lakini nimeyaona pia mafaili membamba,
yasiyo na ploti, yasiyo na Makokha,
mtoto akitoka kortini na karatasi ya hukumu
iliyokunjwa mara nne, basi.

Mwezi huu Makokha hakuondoka upesi.
"Anaendeleaje?" aliuliza kofia yake.
Sheria hainiruhusu kujibu, na kwa kweli sijui.
Ninachojua ni mstari wa mwisho wa hesabu ya Oktoba:
kamba ya kuruka, shilingi mia na hamsini.
Niliusoma mara mbili,
nikasukuma stakabadhi yake tunduni,
nikamwita anayefuata.