Jibu kwa Bulemo, Aliyeuliza Mota Gani

Umeniuliza kutoka Nansio mota gani ununue,
ukataka jina moja na bei.
Ngoja kwanza nikuoneshe kibao.

Kimeegemea ukuta wa banda langu, Nyakato:
SALUNI YA NG'WASHI, mninga wa inchi moja.
S safi. A safi. L safi.
Kwenye U kisu kikakuta fundo,
mota ikagugumia, ikateleza hatua kumi na moja,
kisha ikaendelea na kazi kwa adabu zote
kama mgeni aliyepotea nyumba na bado anavua viatu.
Ng'washi akainamisha kichwa, akatazama:
"Herufi zangu zimekunywa nini?"

Hiyo ndiyo mota ya hatua. Siisemi vibaya.
Niliing'oa kwenye mashine ya fotokopi
iliyofia Mlango Mmoja; elfu nane, akashuka hadi sita na nusu.
Ukiiambia kaa, inakaa.
Lakini ni kipofu mwenye kuhesabu:
hatua mia mbili, mzunguko mmoja.
Anahesabu alichotumwa, si alichotembea.

Nikataka jicho.
Nikachomoa kwenye printa kisahani cha plastiki
chenye mistari myembamba kuliko kope,
taa upande huu, kipokezi upande ule.
Wiki mbili nilikuwa tajiri.
Kisha wakaja wadudu wa ziwani, lile wingu
linalosimama juu ya maji kama moshi usio na moto.
Wakajaa kwenye taa, kwenye uji, masikioni,
na asubuhi jicho langu lilikuwa mabawa matupu.
Mashine ikatetemeka palepale,
inatafuta mstari.

Ndipo sumaku,
duara, saizi ya kidonge,
nimeigandisha kwenye ncha ya mhimili;
chipu inaikabili bila kuigusa.
Vumbi la mbao, mabawa, grisi: haijali.
Umeme ukikatika na kurudi saa tisa usiku,
ile ya hatua inarudi kinyumenyume, polepole,
hadi igonge swichi ndipo ijue sifuri.
Hii inaamka inajua pembe yake,
ingawa haijui ni mzunguko wa ngapi;
nami huamka hivyohivyo, najua ni asubuhi, siku siijui.

Wewe unakata nini, Bulemo?
Kama ni plaiwudi nyembamba, chukua ya hatua,
nguvu mara mbili ya hesabu yako, usiikimbize.
Kama ni mninga, tafuta mota ya waipa ya gari,
uifunge sumaku, uandae usiku kadhaa wa kuibembeleza:
ukiikaza mno inaimba,
ukiilegeza inafika imechelewa na kupitiliza.

Kibao kingine nilimchongea bure.
Juzi amerudi kukiomba kile cha kwanza;
anasema wateja walikipenda.
Sijampa. Bado nakisoma.

Nakutumia mota mbili kwa meli ya Jumatano.
Muuzaji aliapa nyekundu na bluu ni koili moja.
Usiamini rangi.
Pima.