Nyonga, Si Mikono

Saa mbili kasorobo asubuhi, siku ya pili tangu mwezi upevuke,
bamvua linatoka.
Hapa Makupa palikuwa na tuta. Mama zetu walizaliwa wakalikuta,
maji yamelala huku na huku
kama wake wenza wasiosemezana.
Sasa tuta halipo, daraja limenyanyua miguu,
na maji yanapita chini kwa kishindo
kama watu waliokuja kudai deni la zamani.

Kadzo amefanya kazi Sagana miaka sita,
akiteremsha wageni kwenye maji meupe ya Mto Tana.
Anausoma mkondo kama mimi ninavyosoma kitambaa:
pa kukata, pa kuachia mshono.
"Haya si maji ya wanaoanza," asema, "wala si ya mabingwa.
Ni ya mtu aliyekwisha kupinduka mara moja."
Mara moja!
Wiki nzima ya maji mafu, kule Tudor,
nimepinduka hadi kaa wakanizoea.

"Uone ule ulimi laini, nguzo ya tatu na ya nne?
Ufuate. Usiogope kasi, ogopa kusitasita.
Nyuma ya nguzo maji yanarudi kinyume,
hapo ndipo pa kuvutia pumzi."

Mimi ni mshonaji wa Majengo, miaka hamsini na miwili,
goti la kushoto halipandi ngazi.
Nimeingia kwenye kayaki
kama mguu uliovimba kwenye kiatu cha Idi.
Mwanangu Shee kaniuliza nani kaniroga.
Sikumjibu. Nilikuwa nikitafuta helmeti.

Basi nikaushika ulimi.
Kafi kulia, kafi kushoto, kulia,
nguzo zikaja mbio, mimi nimekaa tu,
manyunyu yakanipiga usoni kwa viganja vidogo vya chumvi
na nikapiga kelele, sijui jina la nani.
Kisha pale ulimi unapochanika
mkondo ukanishika pindo
ukanigeuza kama chapati.

Chini ni kijani, na kimya chenye mngurumo:
malori ya bandarini juu ya daraja,
yanayosikika kupitia mifupa ya zege.
Mikono yangu ikataka kupanda ngazi isiyokuwepo.
Kichwa kikataka hewa, sasa, kabla ya wote.
"Nyonga, si mikono," alinambia Kadzo. "Kichwa kije mwisho."
Kichwa, chenye haraka kuliko kiungo chochote,
kingoje mwisho!

Kuna aliyeniita nyonga mkalia ini
miaka kumi na tisa,
kisha akahamia Kisauni na ini lake.
Tangu hapo nyonga hizi zilikuwa za kukalia cherehani.

Lakini kabla yake kulikuwa na usiku wa wanawake,
harusi ya binamu yangu Mwanashe, uani Kibokoni,
leso imefungwa chini ya kiuno,
ngoma zinakaza, kifua kimetulia,
uso hauna habari,
na kiuno peke yake kinazungumza.
Hakuna aliyenifundisha. Au walinifundisha wote.

Nikakinyamazisha kichwa.
Nikazungusha.

Mtumbwi wa plastiki ukanifuata kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake kamili,
na mbingu ikarudi mahali pake,
nyeupe, imejaa kunguru.
Nikateleza nyuma ya nguzo ya nne, kwenye maji ya kinyume,
nikatapika chumvi,
nikacheka hadi utingo mmoja akainama juu ya chuma cha daraja
akauliza, "Mama, uko sawa?"

Niko sawa, mwanangu. Endelea na safari.

Kadzo amekuja pembeni, makasia yetu yamegongana.
Anasema mto hauna toba, ukishakwenda umekwenda.
Haya ya kwetu yatasimama saa nne na kitu,
yatafikiri kidogo,
kisha yatarudi yalikotoka, kwa nguvu zilezile.

Mpaka wakati huo nimepewa chai ya chupa na mkate wa mofa.
Goti linaniuma. Nina sare thelathini za shule za kumalizia.
Nangoja maji yageuke.